Kuipata alama ya TBS kwa matofali ya saruji: mwongozo kwa wafyatuaji wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaingia, kila pembe ya Mtwara na Lindi watu wanatafuta matofali. Wateja huwa wa aina mbili. Mkulima wa Tandahimba anauliza bei na lini mzigo utafika. Mhandisi wa halmashauri anayesimamia madarasa, au mkandarasi mwenye jengo pale Shangani, anauliza karatasi: leseni ya TBS iko wapi, ripoti ya maabara iko wapi? Huyu wa pili ndiye mwenye oda ya maelfu, na wafyatuaji wengi wanamkosa kwa sababu wanaanza kuhangaikia alama siku anayofika.

Mwongozo huu ni wa mfyatuaji mdogo na wa kati: mashine moja au mbili, vijana wanne au sita, eneo la kuanikia. Nimeuandika kwa matofali ya saruji, ila anayetengeneza pevingi (vitofali vya kutandika chini), vigae au nguzo za uzio atapita njia hiyohiyo kwa kiwango cha bidhaa yake.

Kwanza, usichanganye vibali

Kibali cha ujenzi ni cha mwenye nyumba, kinatolewa na halmashauri. Leseni ya biashara ni yako, nayo hutoka halmashauri. Leseni ya kutumia alama ya ubora hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1975 na ambacho sasa kinafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya 2009. Makao makuu na maabara zake kuu ziko Ubungo, Dar es Salaam, lakini sisi wa kusini tuna ofisi ya kanda hapahapa Mtwara mjini. Maswali yote ya mwanzo ulizia hapo kabla hujapanda basi.

Jambo moja wengi hawalijui mpaka waumie: TBS hawaidhinishi tofali. Wanaidhinisha kiwanda kinachoweza kulitoa tofali lilelile leo, kesho na siku ambayo fundi mkuu kaenda msibani Newala. Ukichagua matofali kumi mazuri kuliko yote ukayapeleka maabara, yatafaulu, na bado leseni unaweza kuikosa. Ndiyo maana hatua ndefu kuliko zote katika mwongozo huu ni ile ya kiwandani, na fomu zina aya chache tu.

Hatua ya 1: Pata kiwango chenyewe

Kila bidhaa ina hati ya kiwango ya Tanzania, inayoanza na herufi TZS na namba. TBS wanaziuza. Nenda ofisi ya kanda, eleza unatengeneza nini hasa (tofali zima au la matundu, la kubeba mzigo au la kugawa vyumba), uelekezwe hati inayokuhusu. Hati hiyo inasema vipimo na kiasi kinachovumilika kuzidi au kupungua, nguvu inayotakiwa, namna ya kuchukua sampuli na namna ya kuweka alama. Ni Kiingereza cha kihandisi, kwa hiyo kama hakikai vizuri, keti na mwalimu wa ujenzi wa VETA au fundi sanifu wa halmashauri mpitie ukurasa kwa ukurasa. Fedha ya soda hapo haipotei.

Hatua ya 2: Nyaraka za biashara, jina moja kote

Unahitaji jina la biashara au kampuni kutoka BRELA (wanaosajili biashara na kampuni), TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA na leseni ya biashara ya halmashauri. Sehemu ya kazi husajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa mujibu wa sheria ya 2003. Ukichimba mchanga wako mwenyewe au ukipanga kiwanda kikubwa, muone afisa mazingira wa halmashauri mapema akueleze kama suala linafika NEMC, baraza la mazingira la taifa.

Tatizo la kawaida hapa ni majina. BRELA umeandika “Chikongola Blocks”, TIN ina jina lako la kuzaliwa, leseni ya biashara ina “Chikongola Matofali na Usafirishaji”. Kwa mtazamo wako wote ni wewe. Kwa anayeipitia fomu mezani ni watu watatu. Sawazisha majina kabla hujaomba chochote.

Mjasiriamali mdogo apite SIDO (shirika la viwanda vidogo), Mtwara au Lindi, kwanza. Wana utaratibu wa kuwatambulisha wajasiriamali wadogo TBS kwa barua, na wanaotambulishwa hivyo hupata nafuu ya gharama za huduma. Masharti ya nafuu hiyo uliza ukiwa hapo mezani, na uliza pia inadumu muda gani, ili siku ya kulipa kamili isikukute huna akiba.

Hatua ya 3: Kiwanda chenyewe

Hapa tukae kidogo. Na tusemeane ukweli kuhusu swali ambalo kila mfyatuaji huulizwa: “Mfuko mmoja unatoa matofali mangapi?”

Chukua tofali zima la inchi 6, urefu sentimita 45, kimo 22.5, unene 15. Ujazo wake ni lita 15 na kidogo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Anayejisifu kuwa mfuko wake unatoa matofali 40 anatengeneza zaidi ya lita 600 za tofali kwa mfuko mmoja. Maana yake kila kipimo kimoja cha saruji kinabeba vipimo zaidi ya 17 vya mchanga. Kwa matofali 25 ni karibu vipimo 11. Hesabu hii fanya kwa fomu (kalibu) ya mashine yako mwenyewe, kwa sababu mkaguzi ataifanya kichwani akiwa amesimama mbele yako. Haina haja ya kubishana naye, lita haziongopi.

Achana na bereshi kama kipimo. Bereshi la asubuhi na bereshi la saa nane mchana, kijana kachoka, si kitu kimoja. Tengeneza boksi la mbao ambalo kwa ndani lina sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo linabeba lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Lijaze, lipangusie juu kwa ubao, mwaga. Ukisema moja kwa nane inakuwa kweli moja kwa nane, awe anachanganya nani.

Saruji. Soma mfuko: 32.5 au 42.5. Hiyo namba ni nguvu ya chini ya saruji hiyo ikipimwa kwa utaratibu wake baada ya siku 28, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Herufi R inaonyesha inayopata nguvu mapema, N ni ya mwendo wa kawaida. Chagua moja, andika, usibadilishe kwa kufuata bei ya wiki. Sisi tuna bahati ya kiwanda cha Dangote pale Msijute, kinachozalisha tangu 2015, kwa hiyo saruji mpya si shida. Shida ni hewa ya pwani. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, uliyoingia kwanza utoke kwanza. Mfuko wenye mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole usiingie kwenye matofali ya kuuza.

Mchanga ndio mtihani wa kusini. Mchanga wa pwani una chumvi, na watu wanaujua kwa ulimi tu: ukiuonja unang'amua. Chumvi huleta madoa meupe ukutani, plasta inabanduka, na nondo za nguzo na lenta zikiguswa nayo zinaanza kuliwa na kutu. Tumia mchanga wa mto au wa machimbo ya bara, na umweleze dereva wa lori waziwazi kuwa wa ufukweni utaurudisha. Maji vilevile. Kisima cha jirani na bahari kikiwa na ladha, hakifai.

Kisha pima udongo uliomo ndani ya mchanga. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo wazi, jaza mchanga hadi karibu nusu, ongeza maji na kijiko kidogo cha chumvi (inasaidia udongo kushuka haraka), tikisa kwa nguvu, iache imetulia saa tatu. Mchanga utakaa chini, udongo laini utatengeneza tabaka juu yake. Pima kwa rula. Tabaka la udongo likizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori hilo lina matope mengi: ama uoshe, ama ukatae. Fanya hivi kwa kila lori, andika tarehe na jibu. Chupa tatu nne zimepangwa kwenye kibao zikiwa na vikaratasi vya tarehe zinamwambia mkaguzi mengi kabla hujafungua mdomo.

Mchanganyiko ulioloweshwa utumike ndani ya saa moja. Saruji ya 42.5 inaruhusiwa kuanza kushika baada ya dakika 60, na ukiirudishia maji baada ya hapo unaiua. Changanya kidogo kidogo. Vijana wanaopenda kuchanganya mifuko minne asubuhi ili wamalizie mchana wanahitaji kuzuiwa, hata wakinuna.

Fomu ya mashine nayo huchakaa. Mchanga unaila taratibu, na baada ya miezi kadhaa tofali limeongezeka milimita bila mtu kuona. Pima fomu kila wiki kwa rula ya chuma.

Sasa kumwagilia. Matofali mengi ya kwetu yanafelia juani, na ni bahati mbaya kwa sababu hapo gharama ni maji tu. Tofali likikauka siku ya pili, saruji iliyomo inakuwa imekosa maji ya kufanyia kazi na nguvu yake inaishia hapo. Liweke kivulini, limwagilie asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba, lifunike kwa nailoni au magunia yaliyolowa. Kwa wenzetu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ina bei, nailoni ndiyo mkombozi: ukifunika vizuri pande zote, unyevu uleule unazunguka ndani na unamwagilia mara chache. Usiuze kabla ya muda uliojiwekea, hata mteja akija na lori lake na kelele.

Mwisho wa yote, daftari. Si lazima liwe la kisasa. Mstari mmoja kwa kila bechi, yaani kundi la matofali yaliyofyatuliwa pamoja:

*Bechi 14, Jumanne. Saruji 42.5, mifuko 4. Mchanga boksi 10 kwa mfuko, lori la tarehe 3. Yametoka 86, yamevunjika 3. Maji: asubuhi, jioni. Msimamizi: S.*

Namba ya bechi iandikwe kwa rangi kwenye tofali moja la kila safu. Yaliyovunjika yawe na kona yake yenye kibao, yasichanganywe na mazima.

Hatua ya 4: Jipime kabla ya kupimwa

Kabla hujaomba, peleka matofali ya siku 28 maabara uyaone yanavunjika. Maabara za vifaa vya ujenzi za TANROADS (wakala wa barabara) mikoani hufanya vipimo kwa malipo, ulizia iliyo karibu nawe. Elewa jibu litakavyosomwa: mzigo uliolivunja tofali unagawanywa kwa eneo lililobeba mzigo. Tofali la milimita 450 kwa 150 lina eneo la milimita za mraba 67,500. Tuseme kiwango chako kinataka nyutoni 3.5 kwa kila milimita ya mraba, basi mashine lazima ifike nyutoni 236,250 kabla tofali halijapasuka. Huo ni uzito wa tani 24 hivi, yaani lori lililojaa likiwa limekaa juu ya tofali moja.

Ukifeli hapa, umefelia gizani na hakuna aliyeona. Badilisha kitu kimoja, subiri siku 28 nyingine, pima tena. Anayebadilisha saruji, mchanga na maji kwa mkupuo hatajua kilichomponya.

Hatua ya 5: Maombi na malipo

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa TBS mtandaoni. Unafungua akaunti, unajaza bidhaa na mahali pa kiwanda, unaambatisha nyaraka. Kama simu inakusumbua, ofisi ya kanda watakuelekeza. Malipo yote ya serikali hupita kwa kontroli namba, unalipa benki au kwa simu. Anayekuja kiwandani na mkoba akisema “nipe hela nikusukumie faili” ni kishoka, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Hesabu kalenda kurudi nyuma. Ukitaka alama iwe mkononi Oktoba, kumbuka siku 28 za tofali, ukaguzi, safari ya sampuli, zamu ya maabara, kisha uamuzi. Anza baada ya mvua kuisha, yaani Mei au Juni. Mvua zenyewe zina lao: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika huko Kilwa na mizigo yote ikasimama. Sampuli za tofali hazipandi ndege.

Hatua ya 6: Siku ya ukaguzi

Usifanye harusi. Mkaguzi anataka kuona siku ya kawaida ya kazi. Na mara nyingi hatamuuliza mwenye mali, atamuendea kijana aliyeshika bereshi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hapa mnaweka boksi ngapi kwa mfuko?”

Kijana akikutazama wewe usoni kabla ya kujibu, jibu limeshapatikana. Kwa hiyo wafundishe wote, mpaka anayemwagilia, na bandika mchanganyo ukutani kwa herufi kubwa. Mkaguzi ataomba daftari, atachagua bechi moja na kusema “nioneshe yako wapi”. Ataangalia stoo ya saruji, vipimo vyenu, viatu na glavu za vijana, kona ya yaliyovunjika. Dosari atakazoziandika utapewa muda wa kuzirekebisha. Usibishane, rekebisha, piga picha, rudisha majibu kwa maandishi.

Sampuli anachagua yeye. Zikitiwa lakiri na fomu ikasainiwa, baki na nakala yako. Muulize waziwazi nani anasafirisha na kwa gharama ya nani. Tofali la inchi 6 ni kilo 30 hivi, na lenye kona iliyomeguka njiani halina utetezi: funga kwa magunia, panga kwenye kreti ya mbao, usilirushe kwenye buti la basi.

Hatua ya 7: Majibu

Yakiwa mazuri, faili linaendelea mpaka uamuzi wa leseni. Yakiwa mabaya, soma ripoti ni kipimo gani kimeanguka. Vipimo vya urefu na unene: angalia fomu. Nguvu: angalia boksi, umri wa saruji na maji ya kumwagilia, kwa mpangilio huo. Tofali kunywa maji kupita kiasi: mgandamizo wa mashine ni mdogo au mchanga ni wa aina moja ya chembe tu, changanya na vumbi la kokoto.

Hatua ya 8: Ukishaipata

Leseni ni ya bidhaa iliyoandikwa na mahali palipokaguliwa. Ukifungua tawi Masasi, matofali ya Masasi hayana alama mpaka Masasi pakaguliwe. Ukiongeza pevingi, hiyo ni bidhaa nyingine. Kuweka alama ya TBS bila leseni, au kwenye bidhaa isiyoguswa na leseni yako, ni kosa la jinai.

Leseni huhuishwa kila mwaka, na katikati ya mwaka wakaguzi wanaweza kuja bila taarifa au kununua bidhaa yako sokoni kama mteja yeyote. Ripoti za maabara zitunze kwenye faili moja na nakala ya leseni, maana ndizo utakazoambatisha ukiomba zabuni. Ununuzi wa umma siku hizi hupita mfumo wa mtandaoni wa NeST, na kazi nyingi za madarasa na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti (taasisi inajenga yenyewe kwa mafundi wake, bila mkandarasi), ambapo kamati ya ununuzi ya shule ndiyo inayokuja kukagua matofali. Kamati ile ina walimu na wazazi, hawajui nyutoni. Wawekee ripoti iliyopigwa muhuri na daftari la bechi, waoneshe namba iliyo kwenye tofali na mstari wake.

Na kwenye kila stakabadhi ya mauzo andika namba ya bechi. Mteja wa Lindi akipiga simu baada ya miezi miwili kuwa matofali yanamomonyoka, swali lako la kwanza liwe ni bechi ipi. Ukiipata daftarini utajua ni lori lipi la mchanga, mifuko ipi, na nyumba gani nyingine zimepelekewa matofali hayohayo, uwapigie kabla hawajapandisha kuta.